Upanga wa Baba Juu ya Mimbari

Harufu ya ndimu iliyosuguliwa kwenye shaba si ile ya ndimu ya mchuzi. Ikichanganyika na majivu ya jikoni huwa kali, ina uchachu wa chuma ndani yake, na hukaa vidoleni mpaka siku ya pili hata ukiosha kwa sabuni. Juzi, baada ya kuwaruhusu wanafunzi wangu wa chuo cha Kurani, niliingia uani nikakutana nayo. Mjukuu wangu Salma alikuwa amechutama karibu na mtungi, kibakuli cha majivu pembeni, nusu ya ndimu mkononi, anasugua kitu kirefu alichokilaza juu ya kanga. Nilimtuma shuka sandukuni, naye akakiona chini ya shuka.

"Bibi," akaniambia bila kuinua uso, "huu upanga mbona hauna makali?"

Nilivuta mbuzi ya kukunia nazi nikakaa. Sikumjibu yote. Salma ana miaka tisa, na mimi nilikuwa na kumi yalipotokea haya, najua miaka hiyo huweza kubeba nini na nini huielemea. Nyinyi watu wazima nitakuelezeni.

Upanga ule ulifika Pemba kwa meli, ndani ya kasha jembamba lililotandikwa mahameli nyekundu. Baba yangu, Kapteni Faki, alikuwa amerudi kutoka vitani bara, na wakubwa wake wa jeshi walimtunuku kwenye gwaride kabla hajaachiwa kurudi nyumbani. Siku aliyoshuka bandari ya Mkoani tulikwenda kumpokea, mimi na mama na babu. Mchukuzi mmoja alilishika lile kasha akauliza kama ndani mna fidla, akisema harusini kwao wanatafuta mpigaji. Watu walicheka. Baba hakucheka. Alilichukua mwenyewe, na njia yote ya kupanda kijijini alikuwa akilitua chini kila baada ya hatua chache, utadhani amebeba mawe.

Nyumbani mama akalifungua mbele ya majirani. Sikuwahi kuona kitu cha namna ile. Kipini cha shaba iliyopakwa dhahabu, kilichochongwa majani na maua. Kishada cha nyuzi za dhahabu kikining'inia. Ala nyeusi yenye mikanda ya shaba. Na kwenye chuma chenyewe, nakshi nyembamba kama nyayo za sisimizi, zikizunguka maandishi. Babu yangu, Shehe Kombo, aliweza kusoma kitabu cha Kiarabu hata ukikishika kichwa chini, lakini herufi hizi za skuli hakuzijua. Akanisogeza mbele. Nilisoma jina la baba, cheo chake, kisha maneno mawili: Kwa Ushujaa. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilipogeuka kumtazama baba nikamwona anatoka nje na birika kwenda kutawadha, na wakati wa sala ulikuwa bado kabisa.

Mama aliutundika ukumbini, baina ya saa na picha ya Makka. Kila Alhamisi kazi yangu ilikuwa kuusugua kwa ndimu na majivu. Baba alikuwa akikaa mahali pamoja tu mle ukumbini, kwenye kiti kilichoupa mgongo ukuta ule. Mimi nilidhani ni unyenyekevu. Babu alikuwa akitufundisha chuoni kwamba kujionesha hutambaa moyoni bila mwenyewe kujua, nikaona baba yangu ndiye mtu aliyelielewa somo hilo kuliko wote.

Sasa lazima nikwambieni habari za msikiti wetu. Babu ndiye aliyekuwa khatibu. Kwetu, siku ya Ijumaa, khatibu hapandi mimbari mikono mitupu. Muadhini humkabidhi upanga, naye huuegemea mpaka amalize khutba. Sisi tulikuwa na upanga wa mti wa mfenesi, uliochongwa na watu tusiowajua, umepakwa rangi ya kijani mara nyingi hata ukawa mnene kama mwiko wa harusini. Babu alipenda kusema, "Upanga wa mimbari haukati mtu. Kazi yake ni kumzuia khatibu asianguke." Lakini mchwa hawakusikia khutba. Ijumaa moja, katikati ya dua, babu akauegemea, ukavunjika kati, na babu, mtu mzima wa kilemba na joho, akayumba akashika ukingo wa mimbari kama mtu aliyepanda punda mara ya kwanza. Hakuna aliyethubutu kucheka wakati ule. Walicheka baadaye. Chuoni watoto wakanipa jina: mjukuu wa Khatibu Kuni.

Babu akaja kwetu siku ya pili. Alikaa, akanywa kahawa, akauangalia ukuta.

"Faki," akasema, "Mwenyezi Mungu hupanga. Huu wa mti umevunjika, na weye umeletewa huu. Nipe niuegemee Ijumaa. Thawabu zake ni zako."

"Huo hauingii msikitini, baba."

"Una najisi?"

"Hauna."

"Una masanamu? Mie nimeuangalia, sikuona ila majani."

"Hauna masanamu."

"Basi una nini?"

Baba alikuwa ameupa mgongo, kama kawaida yake. "Nitakuchongea mwengine," akasema. "Nipe wiki mbili."

Babu akaweka kikombe chini taratibu. "Mie nimekulea kwa mkono huu, kijana. Sikujua kuwa nalea mtu wa kuninyima chuma." Akatoka bila ya kuaga, na siku zile kutoka nyumbani kwa mtoto wako bila ya kuaga lilikuwa jambo la kuzungumzwa kijiji kizima. Wiki ile hawakusalimiana. Mama alilia jikoni akisingizia moshi.

Kuna mtu mwengine bado sijakutajieni. Mkabala na mlango wa msikiti alikaa Bi Mize, mjane, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa. Yeye ndiye aliyekuwa akifagia uwanja wa msikiti kila Ijumaa na kujaza maji birika la kutawadhia, na khutba ikianza alikuwa akikaa kizingitini kwake kuisikiliza. Mwanawe wa pekee, Hamadi, aliingia jeshini pamoja na baba, na hakurudi. Barua ilikuja, hitma ikasomwa, maiti haikuja. Baba tangu arejee alikuwa hapiti njia ya mbele ya kwenda msikitini. Alizunguka nyuma, kwenye mashamba ya muhogo, akafika na matope ya miguu akatawadha upya. Bi Mize alikuwa akiniuliza kila tukionana, "Babako hajambo? Mwambie nangoja kuja kunipa habari za Hamadi." Nami nilikuwa nikifikisha. Baba alikuwa akijibu, "Mungu akijaalia." Sikuona kitu chochote hapo. Watu wazima walikuwa wakisema Mungu akijaalia kwa kila jambo.

Ijumaa ikafika. Desturi yangu ilikuwa kumpelekea babu msala wake msikitini kabla ya watu kujaa. Msala mpya wa ukindu aliosuka bibi, mkewe, hakupenda kuuacha kule. Baba alikuwa chooni akikoga josho la Ijumaa, mama yuko jikoni. Nilipanda juu ya kiti kile kile cha baba, nikauteremsha upanga ukutani, nikauviringisha ndani ya msala. Nilihisi ubaridi wa ala ukipita kwenye ukindu mpaka mbavuni. Nitakwambieni kweli iliyokuwamo kifuani mwangu: nilitaka wasiniite tena mjukuu wa Khatibu Kuni. Na nilikuwa na yakini kwamba baba akiuona upanga wake mkononi mwa babu, juu ya mimbari, mbele ya watu wote, moyo wake utalainika na watapeana mikono.

Babu alikuwa peke yake kwenye mihrabu. Alipoufungua msala akapitisha kiganja juu ya ala.

"Nani kakutuma?"

"Baba."

Huo ulikuwa uongo wangu, ndugu zangu, na niliusema ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu. Babu akaondoa kilemba, akajifuta uso kwacho, akakivaa tena kimekwenda upande. "Alhamdulillahi," akasema, akarudia mara tatu. "Mwanangu kanielewa."

Nilitoka nikasimama karibu na birika la kutawadhia, mahali ambapo mlango ukiwa wazi unaiona mimbari. Bi Mize alikuwa amekwisha kukaa kizingitini, ufagio miguuni. Watu wakaingia. Baba akaja mwisho mwisho, kwa njia ya nyuma, akakaa safu ya nyuma. Muadhini akasimama na kuwakumbusha watu kama ilivyo ada: atakayesema neno imamu akihutubu, hata kumwambia mwenzake nyamaza, amepuuza Ijumaa yake. Kisha akamkabidhi babu upanga.

Babu hakuuchomoa alani, kwa adabu. Lakini kipini kilitosha. Jua la adhuhuri liliingia dirishani likakipiga, na mwanga wake ukatembea juu ya dari na juu ya vichwa vya watu. Nilimtazama baba nikingoja alainike. Alikuwa amenyanyuka kidogo kwenye magoti, mdomo wazi. Na hakuweza kusema. Kapteni aliyekuwa akiamrisha mamia alizuiwa na Ijumaa yenyewe. Akakaa tena polepole, akainamisha kichwa, na khutba nzima, ya kwanza na ya pili, hakukiinua. Khutba ya babu siku hiyo ilikuwa juu ya amana. Hakuichagua kwa ajili ya mtu. Ilikuwa zamu yake kitabuni.

Walipotoka, uwanja ulijaa maneno. Mmoja akasema, "Leo khutba imepata upanga." Mwengine akasema mchwa wa huu watahitaji meno ya chuma. Babu akatoka akiuegemea, akamwendea baba moja kwa moja, akamkumbatia mbele ya watu.

"Umenistiri, mwanangu. Nilikudhania ubaya. Nisamehe."

Baba, kwa juu ya bega la babu, akanitazama pale birikani. Alijua. Nikasubiri aseme. Akasema, "Hakuna baya, baba."

Ndipo Bi Mize akavuka njia, ufagio bado mkononi.

"Hebu niuone, Shehe."

Babu akampa kwa furaha. Bi Mize akaegemeza ufagio kwenye ukuta, akauchomoa upanga shubiri moja, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, kwenda na kurudi, kama anayejaribu kisu sokoni.

"Haukati," akasema.

"Haukati, Bi Mize," baba akajibu. "Ni wa heshima."

"Heshima ya nini?"

Mzee Makame, muadhini, akataka kusaidia. "Si vita hivyo, Bi Mize. Kapteni kapigana, wamemtunza."

"Sikukuuliza weye, Makame. Namuuliza aliyepewa."

Nilimwona baba akitafuta mahali pa kuweka mikono. Angeweza kusema jambo lolote. Pale hapakuwa na mtu mwengine aliyekuwako vitani.

"Ya siku aliyokufa Hamadi," akasema.

Akaeleza kwa maneno machache, kwa sauti ya chini, nami nikasogea karibu nikasikia. Kulikuwa na mto na daraja. Kikosi chake kilikuwa kinafuatwa. Ili walio wengi wavuke, ilibidi wachache wabaki ng'ambo wakiwazuia maadui. Yeye ndiye aliyechagua wa kubaki. Alimchagua Hamadi kwa sababu Hamadi alikuwa hodari na hakuwa na mke wala watoto. Walio wengi wakavuka. Kwa kuwavusha hao ndio akapewa upanga.

"Alijua?" Bi Mize akauliza.

"Alijua."

"Alisema neno?"

Baba akavua kofia yake, akaifumbata. "Alisema, kaniombee radhi kwa mama. Niliondoka kwa kumdanganya."

Kijiji kizima kilijua Hamadi alivyoondoka. Mama yake alimkatalia jeshi, naye akachukua mafenesi mawili akaaga kwamba anakwenda kuyauza Mkoani, akapanda meli pamoja na baba. Mafenesi aliyaacha kwa wachukuzi. Na baba alilijua hilo siku ile ile, kwenye meli.

"Lini hayo?" Bi Mize akauliza.

"Mwaka umepita. Na zaidi."

"Kutoka kwenu mpaka mlangoni pangu ni hatua ngapi, Faki?"

Baba aliigeukia njia kana kwamba anazihesabu.

"Mwanangu kalala ardhi ya watu, anangoja radhi yangu. Na weye unayo kinywani, mwaka mzima, unazunguka nayo kwenye mihogo." Hakupaza sauti. Aliurudisha upanga alani, akasukuma mpaka ukalia, akampa babu. "Nimemridhia Hamadi. Mungu shahidi, nanyi nyote mashahidi. Weye, Faki, nakuachia Mungu."

Akachukua ufagio wake akavuka njia.

Watu wa kwetu wanalijua neno hilo. Mtu akikutukana, maneno huisha. Akikulaani, unaweza kusema ana hasira. Akikuachia Mungu, amekufungulia kesi pasipo na rushwa wala wakili, na hakimu ni Yule asiyesahau. Kwa sababu haki ya mja haisameheki mpaka mja mwenyewe aiachilie. Hilo nililisoma kwa babu, na hadi leo ninalisomesha.

Babu alikuja jioni ile akaniuliza tena, "Nani alikutuma?" Nikasema hakunituma mtu. Hakunipiga. Akakaa akinitazama. "Basi leo aliyehutubu ni weye," akasema, akaondoka. Ijumaa iliyofuata alipanda mimbari na kipande cha upanga wa mti kilichobaki, kifupi mno, akahutubu amepinda mgongo. Hakuna aliyecheka siku ile wala baadaye.

Baba aliutia upanga ndani ya sanduku la mama, chini kabisa. Kisha akaniita. Nilikuwa nimejitayarisha kupigwa bakora ya mkwaju. Aliniambia, "Ungeniambia." Akafunga sanduku. "Na mie ningemwambia Bi Mize."

Tangu siku ile akawa anapita njia ya mbele. Kila siku, sala zote tano. Akifika mlangoni kwa Bi Mize alitoa salamu, naye Bi Mize aliitikia, kwa kuwa kuitikia salamu ni wajibu, wala hakuongeza neno. Alfajiri baba alikuwa akiteka maji kisimani na kujaza birika la msikiti ili yule mama asiyabebe tena. Bi Mize alimwachia. Nilidhani watu wazima wakikoseana husubiriana tu mpaka wachoke. Sikujua kuwa baba alikuwa akikonda kwa jambo lile kama mshumaa, na kwamba mwilini mwake vilibaki vyuma vya vita ambavyo madaktari hawakuweza kuvitoa.

Masika yaliyofuata kifua kikamshika. Walimpeleka hospitali Chake Chake, wakakaa naye wiki tatu, wakamrejesha na vidonge na maneno ya upole. Sisi watoto tuliambiwa amepata nafuu. Alilazwa ukumbini, na ukuta ulikuwa na alama nyeupe ya upanga pale ulipokuwa, maana kuta za pembeni zilishika moshi wa taa. Safari hii aliomba kitanda kigeuzwe aiangalie.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi baada ya alasiri, akaniita.

"Nenda kwa Bi Mize. Mwambie: Faki anakusalimu. Anakuomba msamaha kwa amana aliyoikalia. Na mwambie asinijibu kwa kunionea huruma ya ugonjwa. Sema nisikie."

Nikayasema. Akanirudisha mara mbili mpaka nikayasema bila kukosea.

Bi Mize alikuwa kizingitini anashona mkeka. Sindano ndefu mkononi, mashupatu, ile mikanda ya ukindu iliyosukwa, yamezunguka miguu yake kama nyoka waliolala. Mengine yamepauka kama yaliyosahauliwa juani, mengine mekundu na zambarau, rangi bado inanuka. Nilisema maneno ya baba yote, kama yalivyo, nikitazama vidole vyake. Havikusimama.

"Nimesikia," akasema.

"Nikamwambie nini?"

"Mwambie nimesikia."

Njia ile ni fupi, lakini siku hiyo niliitembea kama safari. Nilijua ninachoweza kufanya. Nilikuwa nimewahi kusema uongo mmoja msikitini na babu akalia kwa furaha. Huu wa pili ungemfanya baba yangu afe, au apone, akiwa amelala raha. Kakusamehe. Neno moja. Nilipita kwenye mihogo ili nichelewe. Nilipofika ukumbini baba alikuwa ameinuka kwenye mto.

"Kasemaje?"

Nilimtazama, na neno lile likakataa kutoka.

"Kasema, mwambie nimesikia."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akafumba macho. Nililia kwa kuwa sikumpa zaidi. Akanishika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Umefikisha kama ulivyopewa," akasema. "Hilo mie lilinishinda."

Alifariki Ijumaa, jua halijapanda sana, ulimi wake ukitamka shahada, namshukuru Mola kwa hilo na sitaacha kumshukuru. Kabla jeneza halijainuliwa babu alikuja kwenye mlango wa wanawake, akasema yale yasemwayo: aliyekosewa na marehemu amsamehe, apunguziwe safari. Wanawake wakaitikia pamoja, tumemsamehe. Mimi sikuitikia. Nilikuwa nikiangalia midomo ya Bi Mize. Haikucheza hata kidogo.

Alikuwa amekuja na mkeka umeviringishwa kwapani. Akampa bibi. "Mlazeni juu ya huu," akasema, na hayo tu ndiyo maneno niliyoyasikia kwake siku ile. Ulipokunjuliwa niliona aibu. Nusu yake ilikuwa imepauka, nusu ina rangi mbichi inayoshika mikono. Msichana mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba Bi Mize kaleta mkeka wa viraka msibani. Juu ya mkeka ule wanaume wakamchukua baba yangu, na kama ilivyo ada, baada ya maziko ukabaki msikitini.

Bi Mize aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mimi ni mmoja wa waliomwosha alipokufa. Neno la msamaha kwa baba sikulisikia kinywani mwake, na sitasema nimelisikia.

Lakini nilipokuwa msichana mkubwa, bibi alinifundisha kusuka. Siku moja nilitaka kumaliza mkeka kwa haraka kwa ajili ya harusi, akanicheka. Akaniambia ukindu hukatwa, huanikwa, hutiwa rangi, huanikwa tena, na shupatu moja la mkeka mkubwa humla mtu siku nyingi. Kisha, kwa kuwa mazungumzo ya kusuka huenda yanakotaka, akanieleza kuwa Bi Mize ilipokuja barua ya Hamadi alianza kusuka mkeka wa kumpokea mwanawe. Alipoambiwa maiti haitakuja, akayafunga mashupatu aliyokwisha kuyasuka, akayatundika kwenye boriti mbele ya mlango. Yalining'inia pale miaka miwili, jua likiyapiga kila asubuhi.

Niliacha kusuka. Nilihesabu vidoleni. Yale mekundu na zambarau niliyoyaona miguuni pake Alhamisi ile yalikuwa tayari yamesukwa, yanaungwa na yale ya zamani kwa uzi mmoja. Hayakuwa kazi ya siku ile wala ya siku mbili kabla yake. Lazima aliutia ukindu rangini kiasi cha siku ile baba alipoteremshwa kutoka hospitali, wiki mbili kabla mimi sijasimama pale kizingitini na maneno yangu niliyoyahifadhi. Alikwisha kuanza, na hakuna aliyemwomba.

Mkeka ule ulisaliwa na watu mpaka ukaisha. Bi Mize mwenyewe ndiye aliyekuwa akiutoa juani kila Ijumaa na kuurudisha. Upanga haujaisha. Nilimwambia Salma aufute majivu vizuri, tukauviringisha kwenye kanga na kuurudisha chini ya shuka, naye akanusa vidole vyake akakunja uso, akauliza harufu hii hutoka lini.